Njano Iliyokufa: Kutatua Matatizo ya Picha za Aspeni Milimani Colorado

Kila mwisho wa Septemba napokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa ndugu na marafiki wanaoishi Denver na Aurora, miji ya jimbo la Colorado, Marekani. Picha ya mlima, miti mingi, halafu swali: "Mbona haikutoka kama nilivyoiona?" Waliwasha gari saa kumi alfajiri, wakafika mahali pazuri kweli, wakapiga picha mia mbili, wakarudi na kitu kinachofanana na majani makavu ya ukindu. Wengi hulaumu kamera. Wengine hufungua programu ya kuhariri na kuvuta rangi mpaka mlima unaonekana umemwagiwa fanta.

Mti wenyewe ni aspeni, kwa jina la kitaalamu *Populus tremuloides*: shina jeupe, majani madogo ya mviringo, na makazi yake huko Colorado ni hasa kati ya mita 2,100 na 3,200 kutoka usawa wa bahari. Sisi vuli ni jina la mvua, kwa hiyo msimu huu nitauita wa kupukutika. Aliyekulia pwani ameuona kwa udogo wake: mkungu wa uani, majani yake yakigeuka mekundu kabla ya kuanguka. Huku ni mlima mzima, tena kwa njano.

Kabla ya kuingia kwenye matatizo, kuna jambo moja ambalo nitalirudia mara nyingi. Jani la aspeni halipakwi njano ifikapo Septemba. Njano ilikuwemo tangu jani lilipochipua, ila imefunikwa na kijani cha klorofili. Siku zikianza kufupika, mti huacha kutengeneza klorofili, kijani huvunjika, na zinabaki karotenoidi, jamii ileile ya rangi inayofanya embe bivu na karoti ziwe jinsi zilivyo. Wekundu unaouona hapa na pale ni wa anthosianini, ambazo ndizo pia zinazoipa rozela rangi yake. Hizo hutengenezwa mwishoni, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Maana yake kwa mpiga picha ni hii: rangi iko ndani ya jani, haiko juu yake. Mwanga ukipita ndani ya jani utatoka na rangi. Mwanga ukigonga juu na kurudi, utarudi na rangi ya anga.

Njano imepauka, kama ina vumbi

Hili ndilo linaloletwa kwangu kuliko yote. Mwaka juzi nilikwenda Kenosha Pass, kwenye barabara ya US 285 kusini-magharibi mwa Denver, mita 3,048 juu, pamoja na kijana mmoja mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa ndiyo kwanza amenunua kamera. Saa nne asubuhi, anga safi, jua mgongoni mwetu, na mbele yetu kilima kilichojaa aspeni. Akapiga, akatazama kioo, akanipa kamera.

"Kaka, njano imekufa."

Ilikuwa imekufa kweli. Nikamwambia, "Mdogo wangu, geuka utazame tulikotoka."

Akageuka. Sasa jua lilikuwa usoni kwake, na kati yake na jua kulikuwa na miti kumi na kitu ambayo tuliipita bila kuijali. Kila jani lilikuwa linawaka. Hakubadilisha mpangilio wowote wa kamera isipokuwa kupunguza mwanga kidogo, na picha aliyopiga pale ndiyo iliyo ukutani kwao leo.

Nikaokota jani moja chini nimwonyeshe sababu. Likiwa limelala kiganjani lilikuwa na rangi ya karatasi ya zamani, na juu yake mng'ao mweupe, kwa kuwa uso wa jani una nta na nta hiyo inarudisha anga kama kioo hafifu. Nikaliinua kwa vidole viwili kuelekea jua. Mishipa yote ikaonekana, mpaka ile midogo ya pembeni, na njano ikawa ya kiini cha yai la kienyeji. Jani ni lilelile na jua ni lilelile. Kilichobadilika ni njia ambayo mwanga umepita.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni miguu. Zunguka mpaka jua liwe mbele yako au ubavuni. Mbele ya jua lenzi huingiwa na ukungu mweupe na maduara ya mwanga. Ficha jua nyuma ya shina, au mwombe mwenzako akukinge kwa kofia juu ya lenzi, na hakikisha kioo cha lenzi kimefutwa, maana alama moja ya kidole ukiwa umeelekea jua inatosha kuharibu picha nzima.

Dawa ya pili ni filta ya polaraiza, ile ya duara unayoizungusha mbele ya lenzi. Watu huinunua kwa ajili ya anga kuwa buluu. Kwenye aspeni kazi yake kubwa ni kuondoa ule mng'ao wa nta. Izungushe polepole huku ukitazama jani moja la karibu, usitazame anga. Utaona mahali ambapo weupe unaondoka na njano inatokea chini yake. Simama hapo. Inafanya kazi hata kukiwa na mawingu, na baada ya mvua ndipo inaponishangaza kila mwaka: jani lililolowa bila filta linang'aa kama bati, likiwa na filta linakuwa na rangi nzito kuliko likiwa kavu. Gharama yake ni mwanga, kama stopu moja hadi mbili, yaani kamera inabaki na nusu au robo ya mwanga iliokuwa nao.

Tahadhari moja. Ukiwa mita 3,000 juu, anga yenyewe tayari ni buluu iliyokolea. Ukizungusha filta mpaka mwisho, anga inakaribia kuwa nyeusi, na ukiwa na lenzi pana upande mmoja wa anga utakuwa mweusi na mwingine mweupe. Hapo rudisha nusu.

Njano imekuwa ya limau, na haina kitu ndani yake

Hili ni gumu zaidi kuligundua, kwa sababu kamera inakudanganya ukiwa palepale. Ulichokiona ni dhahabu. Kilichotoka ni njano ya limau, bapa, bila mishipa wala kivuli kati ya jani na jani, kama mtu amepitisha brashi.

Kamera huhifadhi rangi kwa njia tatu: nyekundu, kijani na buluu. Jani la aspeni lililopigwa na jua lina nyekundu nyingi sana, kijani kiasi, na buluu karibu na sufuri. Nyekundu ikifika mwisho wa uwezo wake, haiwezi kupanda tena. Ukiendelea kuongeza mwanga, kinachopanda ni kijani peke yake, mpaka kinaifikia nyekundu. Nyekundu na kijani zikilingana, jicho linaona limau. Dhahabu ilikuwa ndiyo ile tofauti kati ya hizo mbili, na sasa haipo.

Wapiga picha wengi tunasema picha "imeungua" tukiona weupe mtupu. Hapa imeungua njia moja tu, na histogramu ya kawaida, yaani ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga wa picha kwa kilima kimoja cheupe, haionyeshi, kwa sababu inaipa kijani uzito mkubwa. Ingia kwenye menyu uwashe histogramu ya rangi tatu. Ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga theluthi mbili za stopu, upige tena, uangalie tena. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye kioo. Iache hivyo. Vivuli utavipandisha nyumbani kama umepiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri. Nyekundu iliyoungua hairudi kama ilivyokuwa.

Kuna kisababishi cha pili ambacho kilinipotezea msimu mzima nilipoanza. Histogramu ya kamera hutengenezwa kutokana na JPEG, ile picha ambayo kamera imekwisha kuihariri yenyewe, hata kama unapiga RAW. Kama mtindo wa picha umewekwa kwenye ule unaokoleza rangi, unachokisoma ni rangi zilizokwisha kukolezwa. Weka mtindo wa kawaida au ule usiokoleza kabisa, ndipo usomaji utakaribia ukweli.

Wakati wa kuhariri, usivute kile kitelezi cha kukoleza rangi zote. Nenda kwenye njano peke yake na ushushe mwanga wake kidogo kabla ya kufikiria kuikoleza. Mara tisa katika kumi, njano ilikuwa inahitaji kiza kidogo ili ionekane, haikuhitaji rangi zaidi. Na ukihamisha njano kuelekea chungwa ili ipate "joto", tazama nyasi za chini: zitahama pia, na hapo ndipo mtazamaji anajua kuna mkono umepita.

Vigogo vyeupe vimekuwa vya buluu

Umeingia msituni, jua halifiki chini, kinachoangaza humo ni anga tupu ya buluu. Jicho lako linasahihisha. Kamera haisahihishi vizuri. Zaidi ya hapo, ikiona fremu imejaa njano, hesabu ya otomatiki huona njano ni kosa na kuipunguza. Hivyo unapata hasara mara mbili: njano imepoa na weupe umegeuka buluu.

Toa waiti balansi kwenye otomatiki, yaani acha kuiachia kamera ikisie rangi ya mwanga. Penye jua weka alama ya jua, kama 5,200 hadi 5,500 kelvini. Penye mawingu, 6,000 na kitu. Kivulini chini ya anga safi, 7,000 au hata zaidi. Mimi huwa nabakisha ubaridi kidogo kwenye vigogo makusudi, kwa sababu buluu na njano zikikaa pamoja kila moja inaimarisha nyingine. Vigogo vyeupe pee kama sanda kwenye kivuli cha asubuhi havipo, na picha inayovionyesha hivyo inaonekana imetengenezwa.

Majani hayakutulia hata kwa stendi

Hayatatulia. Ukishika jani la aspeni tazama kikonyo chake: majani mengi yana kikonyo cha mviringo, hili lina kikonyo bapa kama utepe, na ubapa wake umekaa kinyume na ubapa wa jani. Upepo mdogo kuliko unaoweza kuuhisi shavuni unalitikisa. Neno *tremuloides* linatokana na mtetemo huo, na sauti yake ni ya mvua ndogo juu ya makuti.

Kwa majani ya karibu tumia kasi ya shata ya 1/250 hadi 1/500 ya sekunde, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600. Chenga kidogo ni afadhali kuliko majani yaliyofutika. Kwa kilima cha mbali, majani ni madogo kwenye fremu na 1/60 kwenye stendi inatosha. Fika mapema: alfajiri milimani huwa shwari, na jua likishapasha bonde, kwa kawaida kabla ya saa tano, upepo unaamka.

Njia nyingine ni kuukubali mtetemo kabisa. Sekunde moja au mbili, stendi imara, vigogo vinene: vigogo vinabaki wima na wazi, majani yanakuwa moshi wa dhahabu. Kinachoshindikana ni katikati, kati ya 1/15 na 1/60, ambako majani si makali wala si moshi. Hapo mtazamaji anaona kosa tu.

Kama picha nzima ni laini, vigogo pamoja, basi si upepo. Angalia kama tundu la lenzi limefungwa mno; f/22, yaani tundu dogo sana, inaonekana kama busara lakini mwanga ukipenya kwenye tundu dogo vile hutawanyika na kulainisha kila kitu. Kaa f/8 au f/11.

Kila kitu kimo, ila hakuna cha kutazama

Mtu akiona msitu wa njano anachukua lenzi pana kuliko zote alizonazo ili "uingie wote". Unaingia wote, na unakuwa fujo: matawi, nyasi, gogo lililoanguka, kipande cha anga, mkono wa mwenzako. Fanya kinyume chake. Lenzi ya milimita 70 hadi 200, simama upande wa pili wa bonde, na utafute kitu kimoja: vigogo vitano vilivyojipanga, mti mmoja wa njano kati ya misonobari ya kijani kibichi, mpaka kati ya kundi lililogeuka na lile ambalo bado.

Jaribio ninalowapa wanaojifunza ni kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwenye kioo cha kamera. Ikisambaratika, rangi peke yake ndiyo iliyokuwa imeishikilia. Ansel Adams alipiga aspeni kaskazini mwa New Mexico mwaka 1958 bila rangi yoyote, na zile picha bado zinasimama, kwa sababu kuna shina la mbele lililo angavu na kiza nyuma yake. Tafuta hilo kwanza. Njano itakuja yenyewe.

Miti inaanguka kwa nyuma

Umeinua kamera juu. Vigogo vilivyonyooka vinaanza kuegemeana kileleni. Rudi nyuma, shika kamera sawa na upeo wa macho, kata ziada ya chini baadaye. Bora zaidi, panda mteremko wa pili mpaka macho yako yawe usawa wa nusu ya miti. Hapo huna haja ya kuinua chochote. Ukiwa umelala chini na kuelekeza lenzi juu moja kwa moja, hilo ni jambo jingine, vigogo vinakutana kama nguzo za hema na ni picha halali. Kinachochukiza ni kuegemea nusunusu.

Anga imeungua, msitu ni kiza

Tofauti ya mwanga imezidi uwezo wa kamera. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama anga inahitajika. Anga nyeupe au tupu haisaidii. Shusha kamera uiache nje. Kama kuna kilele unachokitaka, kama vile Mount Sneffels ukiwa Dallas Divide kati ya Ridgway na Placerville, piga picha tatu zenye mwanga tofauti uziunganishe, au ngoja jua lishuke hadi kilele na bonde vikaribiane. Mchana wa jua kali ndani ya msitu, vipande vya mwanga na kivuli chini ya miti havitibiki kwa kitelezi chochote. Ngoja wingu lipite. Dakika mbili za wingu moja zinatosha.

Nimefika, miti ni ya kijani. Au imebaki uchi

Usigeuze gari. Hili si tatizo la kamera lakini ndilo linaloumiza zaidi, maana umeendesha gari kwa muda wa saa nne.

Kwanza ujue unachokitazama. Aspeni huzaliana zaidi kwa machipukizi ya mizizini kuliko kwa mbegu. Shina moja linatoa mengine kutoka mzizi uleule, na baada ya karne nyingi unakuwa na msitu ambao kwa hakika ni mti mmoja. Jirani Utah, kwenye Fishlake National Forest, upo unaoitwa Pando: hekta 43 hivi, vigogo vipatavyo 47,000, mzizi mmoja. Ni neno la Kilatini lenye maana ya "nasambaa", ingawa sikio letu linasikia kupanda, na kupanda napo si mbali.

Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba kila ukoo, yaani vigogo vyote vya mzizi mmoja, unageuka kwa saa yake. Vigogo vya ukoo mmoja vinabadilika pamoja, na ukoo wa jirani unaweza kuwa bado kijani au umekwisha kupukutika. Ndiyo maana kilima kinaonekana kama kanga iliyoshonwa vipande, mipaka wazi kabisa. Ukikuta kijani mbele yako, tembea au endesha kilomita chache. Ukoo mwingine upo.

Kanuni ya jumla: juu hutangulia, chini hufuata, kaskazini hutangulia, kusini hufuata. Maeneo ya Steamboat Springs kaskazini huanza kukolea katikati ya Septemba. Katikati ya jimbo, Kenosha, Maroon Bells na Kebler Pass, ni juma la tatu na la nne la Septemba. Milima ya San Juan kusini-magharibi, huko Ridgway, Ouray na Silverton, ni mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Umefika ukakuta kijani? Panda. Umekuta uchi? Shuka, au elekea kusini. Mwaka wa ukame majani huweza kuanguka mapema yakiwa yamefifia, na dhoruba moja ya upepo inamaliza kilima kwa usiku mmoja, kwa hiyo anayesubiri kilele kamili hukikosa. Mimi hutoka siku tano kabla ya pale wenyeji wanaposema rangi itakolea. Kijani kidogo kilichobaki kinasaidia picha kuliko matawi matupu.

Ukiwa Kebler, barabara ya changarawe kati ya Crested Butte na Paonia inayopita kwenye moja ya misitu mikubwa ya aspeni ya Colorado, utashuka na kupanda kiasi kwamba karibu kila mara kuna kiwango kimoja kilicho tayari. Maroon Bells ni tofauti: mahali ni pamoja, ziwa moja, vilele viwili, na wakati wa msimu magari binafsi huzuiwa mchana, sharti uwe umeweka nafasi ya basi au ya kuegesha siku nyingi kabla. Kama huna nafasi, usiende kubahatisha.

Na kama kweli kila kitu kimepukutika, tazama chini. Jani moja la njano juu ya jiwe jeusi lililolowa, matone ya maji yamesimama juu yake, kila tone limekuza mishipa iliyo chini. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote niliipigia magoti, mahali ambapo watu watano walikuwa wamegeuza magari.

Majani yana madoa meusi

Ni ugonjwa wa ukungu uitwao Marssonina, unaoshamiri kukiwa na mvua nyingi wakati majani yanakua. Hakuna uhariri unaoutibu vizuri. Koo za aspeni hazifanani kwa kuugua, kwa hiyo hamia ukoo mwingine, au rudi mbali ambako madoa hayaonekani. Ukikaribia vigogo utaona na alama nyingine, majina na tarehe zilizochongwa kwa kisu. Gome la aspeni ni hai na ni jembamba, lina klorofili chini ya unga wake mweupe, na kila mkato ni mlango wa ugonjwa. Watoto wakitaka kuandika majina yao, waandike kwa majani yaliyoanguka.

Betri imekufa saa mbili asubuhi

Baridi. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Hata ile "iliyokufa" ikipashwa joto hurudi kidogo. Ukirudi kwenye gari lenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Mwili nao una baridi na hewa yake: kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la Tanga au Mombasa. Kunywa maji, tembea polepole, na kichwa kikianza kugonga kwa nguvu, shuka. Septemba na Oktoba ni msimu wa uwindaji pia. Ukiingia msituni vaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachoonekana mbali, wewe na watoto.

Simu imefanya njano ipige kelele

Simu huchanganya picha kadhaa kwa pigo moja, ikapandisha vivuli na kukoleza rangi. Kwenye jani lenye mwanga nyuma yake, hilo linafuta tofauti uliyoipanda mlima kuitafuta. Shikilia kidole juu ya jani angavu mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha buruta kidole chini upunguze. Tumia lenzi ya mara mbili au mara tatu badala ya ile pana. Kama simu yako inaruhusu RAW, iwashe.

Kwenye kompyuta ni nzuri, mtandaoni imefifia

Umeihifadhi kwenye nafasi ya rangi ya Adobe RGB. Toa nakala ya kutuma ikiwa sRGB, nafasi ya rangi inayotumika mtandaoni, uilinganishe na ya awali kabla ya kuipandisha.

Theluji imetoka ya kijivu

Miaka mingine theluji ya kwanza hushuka majani yakiwa bado mtini, na hakuna kitu msimuni kinachoifikia asubuhi hiyo. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inakuwa jivu. Ongeza mwanga theluthi mbili hadi stopu moja, huku ukichungulia ile nyekundu kwenye histogramu isigonge ukuta. Zikigombana, itii nyekundu; theluji utaipandisha nyumbani. Na usirudi kwanza kunywa chai. Jua likishafika kwenye matawi, theluji inaanza kudondoka kwa vipande, na kila kipande kinashuka na majani yake.